Kazi Isigeuke Kidonda: Tuzuie Uonevu na Unyanyasaji Mahali pa Kazi

Ukurasa wetu wa afya umezoea kuzungumzia malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu tumeona tuongelee ugonjwa ambao hauonekani kwa darubini wala haupimwi kwa damu. Ugonjwa huo ni uonevu na unyanyasaji mahali pa kazi. Huenda msomaji akajiuliza: mambo ya bosi na kibarua wake yanahusiana nini na hospitali? Yanahusiana sana. Anayeonewa kazini huleta mwili wake hospitali, lakini sababu ya ugonjwa huiacha mlangoni.

Sisi wauguzi tunawaona watu hawa. Mhudumu wa nyumba ya wageni ya barabarani pale Mikumi anakuja na kichwa kinachomuuma kila jioni kabla ya zamu. Kibarua wa shamba la miwa anakutwa na presha wakati hajafikisha hata miaka arobaini. Msichana wa kazi za ndani analetwa na mama mwenye nyumba kwa kuwa "amekuwa mzito, anasahau na usiku halali". Tunapima malaria, hakuna. Tunapima choo na mkojo, hakuna kitu. Tunatoa dawa ya maumivu, na baada ya wiki mbili amerudi. Mpaka tutakapomkalisha peke yake, mlango ukiwa umefungwa, na kumwuliza taratibu, "Na huko kazini kunaendaje?", ndipo machozi yanaanza kutoka.

Jambo hili si la Kilosa peke yake. Mwezi Desemba 2022, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika nchi 121. Zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya kila watano alisema amewahi kufanyiwa ukatili au unyanyasaji kazini, yaani watu wapatao milioni 743. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba karibu nusu yao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo na tuyafichue.

UONEVU NI NINI?

Uonevu kazini ni kumtendea mwenzako maneno au matendo ya kumdhalilisha, kumtisha au kumtenga, hasa yanaporudiwarudiwa, na hasa anayetenda anapokuwa na nguvu kuliko anayetendewa. Nguvu hiyo yaweza kuwa ya cheo, ya fedha, ya umri, ya elimu, au ya wingi wa watu wanaomcheka mmoja. Unyanyasaji wa kijinsia, kama vile kumshika mtu asiyetaka au kumdai mapenzi, hauhitaji kurudiwa. Mara moja tu inatosha kuwa kosa.

Mifano yake ni hii:

- Kumtukana mfanyakazi mbele ya wateja, wagonjwa au wenzake.
- Kumwita kwa kabila lake, ulemavu wake au ugonjwa wake badala ya jina lake.
- Kumpa kazi isiyowezekana ili ashindwe, au kumnyima kazi kabisa ili aonekane hana faida.
- Kumshikia mshahara, kumkata fedha bila maelezo, au kumtishia kila siku kwamba atafukuzwa.
- Kumnyima ruhusa ya kwenda kliniki akiwa mjamzito, au kumkejeli kwa ajili ya mimba yake.
- Kueneza habari kwamba fulani anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi.
- Kumgusa mwili, kumtolea maneno machafu, au kumtumia picha chafu kwa simu.
- Kumpiga kofi, kumsukuma au kumrushia kitu.

KUKEMEWA SI KUONEWA

Hapa tuwe waangalifu, maana wapo wanaoita kila karipio uonevu. Msimamizi anayemwambia dereva, "Jana ulichelewa saa moja, na gari lilikuwa halijakaguliwa, jambo hili lisijirudie," ametimiza wajibu wake. Amezungumzia kosa lenyewe, amesema ukweli, na amemwacha dereva na heshima yake. Lakini akisema mbele ya abiria, "Wewe mpumbavu kama kabila lako lote," hapo ameliacha kosa na kumshambulia mtu. Ukitaka kupima, jiulize maswali matatu. Je, linalosemwa ni kazi au ni mtu? Je, linasemwa faraghani au hadharani ili watu wacheke? Je, wengine wenye kosa hilo hilo wanatendewa vivyo hivyo?

Jambo la pili ni utani. Sisi watu wa huku tunaujua utani na tunaupenda. Wilaya ya Kilosa ni ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, na kwa sababu ya reli, mashamba na barabara kuu, wamekuja watu wa makabila mengine mengi. Mgogo na Mhehe wakikutana, watasemana maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani panataka kupigwa. Lakini utani wa jadi una sheria zake. Pande zote mbili zinataniana na hakuna upande mmoja unaotaniwa tu. Mtani ndiye anayekuja wakati wa msiba, akasaidia kazi na kuwafariji wafiwa. Utani unafunga undugu.

Sasa bosi anayemwambia mhudumu wake maneno ya aibu, naye mhudumu hawezi kumjibu kwa kuogopa kufukuzwa, huyo hatanii. Na wale vijana wanne wanaomcheka mwenzao mmoja kila siku kwa kuwa ana kigugumizi, mpaka anaogopa kula nao chakula cha mchana, nao hawatanii. Neno "nilikuwa natania tu" lisiwe mwamvuli wa kumkinga mwonevu. Utani ambao mmoja anacheka na mwingine analia si utani.

JAMBO HILI LINA HISTORIA YAKE KWETU

Wazee wetu waliyaonja haya. Wakati wa utawala wa Wajerumani, vibarua na wapagazi walichapwa viboko ishirini na vitano, na mpaka leo wazee wakisema "hamsa ishirini" kila mtu anaelewa. Baadaye, wakati wa Waingereza, mashamba ya mkonge, yakiwemo ya Kimamba na Rudewa hapa wilayani, yalitegemea vibarua. Wengi waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba. Kibarua alikuwa na kipande chake, yaani kadi ya kazi ya siku thelathini, na aliyeamua kama kazi ya leo imekamilika au haikukamilika ni nyapara. Nyapara akikuchukia, siku yako ilipotea. Angalieni jinsi neno hili nyapara lilivyobaki katika lugha yetu, na jinsi linavyosikika mpaka leo.

Baada ya Uhuru jambo hili halikuisha. Mwezi Februari 1971, chama cha TANU kilitoa Mwongozo. Ibara ya 15 ya Mwongozo huo ilikataza kiongozi wa Tanzania kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa wale anaowaongoza. Wafanyakazi waliisoma na kuishika. Kati ya mwaka 1971 na 1973 walisimamisha kazi katika viwanda kadhaa, hasa Dar es Salaam, na malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara peke yake. Walilalamikia matusi, dharau na lugha mbaya za mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda chenyewe.

Tunakumbusha haya kwa sababu wapo wanaosema kwamba kudai heshima kazini ni mambo ya kizungu yaliyoletwa juzi na semina. Hapana. Mfanyakazi wa Tanzania alidai kuheshimiwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, tena kwa Kiswahili.

MWILI UNAPATA NINI?

Mungu ameujalia mwili njia ya kujiokoa. Ukikutana na nyoka shambani, moyo unapiga mbio, presha inapanda, mate yanakauka na misuli inakaza, ili uweze kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, mwili unatulia. Lakini kama nyoka huyo ni msimamizi wako, nawe unakutana naye kila asubuhi kwa miaka miwili, mwili haupati nafasi ya kutulia. Hali ya dharura inakuwa hali ya kila siku. Ndipo tunapoona dalili hizi:

- Kukosa usingizi, au kuamka saa tisa usiku na kuwaza mpaka kunakucha.
- Kichwa, shingo na mgongo kuuma bila sababu inayoonekana.
- Moyo kwenda mbio, hasa jioni ya Jumapili au siku ya kurudi kutoka likizo.
- Tumbo kuwaka moto na kukosa hamu ya kula. Vidonda vya tumbo huletwa zaidi na vijidudu na matumizi mabaya ya dawa za maumivu, lakini wasiwasi huongeza mateso yake.
- Presha kutokushuka ingawa mgonjwa anameza dawa.
- Kuanza kunywa pombe kupita kiasi ili kusahau.
- Hasira nyumbani. Baba aliyetukanwa kazini anamaliza hasira zake kwa mke na watoto.
- Huzuni ya muda mrefu, kujiona hafai, na hata mawazo ya kujiua.

Dalili hii ya mwisho isipuuzwe kamwe. Mtu akisema, "Ni heri nisingekuwepo," msimwambie ajikaze. Kaeni naye, msimwache peke yake, ondoeni karibu naye sumu za kuulia wadudu na dawa nyingi, kisha mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Huzuni ya namna hii ni ugonjwa na una matibabu.

Hasara haimwishii mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka siku za kazi bilioni 12 zinapotea duniani kwa sababu ya ugonjwa wa huzuni na wasiwasi. Tena mahali penye uonevu makosa huongezeka. Chukueni mfano wa wodi. Muuguzi mwanafunzi hana hakika na kipimo cha dawa ya sindano. Kama anajua kwamba akiuliza atafokewa na kuitwa mjinga mbele ya wagonjwa, hatauliza, atakisia. Anayelipa ni mtoto aliye kitandani. Vivyo hivyo utingo anayemwogopa dereva hatamwambia kwamba gurudumu limelegea, na sote tunaijua miteremko ya barabara ya kutoka Mikumi kwenda Iringa. Hofu inaziba midomo, na midomo iliyozibwa inaua.

MAHALI PANAPOZAA UONEVU

Uonevu humea mahali ambapo mtu mmoja ana uwezo mkubwa na hakuna anayemwangalia. Tutazame mazingira yetu.

Mikumi ni mji wa barabarani. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 huleta watalii, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya huleta malori usiku na mchana. Wasichana wengi wanapata riziki katika baa, hoteli na nyumba za wageni. Mhudumu anayelipwa kidogo na kutegemea bakshishi anaweza kuambiwa avumilie mikono ya mteja kwa sababu "mteja ni mfalme". Mteja halipi bia moja akanunua na mwili wa mhudumu.

Kwenye mashamba, wakati wa msimu, vibarua ni wengi kuliko kazi. Mgawaji wa kazi ndiye anayeamua nani apate sehemu nyepesi na nani apate sehemu yenye magugu, na nani aitwe kesho. Mwanamke mwenye watoto wanaomngoja nyumbani anaweza kudaiwa malipo yasiyo ya fedha ili jina lake liandikwe. Hiyo ni rushwa ya ngono.

Vijana wanaojifunza ufundi kwenye gereji na karakana nao wamo. Wapo mafundi wanaoamini kwamba bila makofi na matusi kijana hashiki kazi. Kwa kweli kijana anayeogopa hujifunza kukwepa kofi, ufundi haujifunzi.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na inasema wazi kwamba kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi ya ubaguzi ni ubaguzi. Misingi hiyo ni pamoja na kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri, na kuwa na virusi vya ukimwi. Sheria hiyo pia inamtambua mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike. Huyo anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa na mwajiri. Lakini kwa kawaida anatakiwa awe amepeleka kwanza malalamiko yake kwa njia zilizopo kazini, isipokuwa kama ana sababu ya msingi ya kutofanya hivyo. Kwa hiyo msiondoke kwa hasira bila kuandika chochote.

Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inafanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na inamtaja mtu mwenye mamlaka mahali pa kazi. Kifungo chaweza kufika miaka mitano. Nayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamkataza mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo au haki yoyote. Malalamiko hayo hupelekwa TAKUKURU, na simu yao ya bure ni 113.

Duniani, ILO ilipitisha Mkataba Na. 190 mwezi Juni 2019 na ukaanza kutumika Juni 2021. Jirani zetu wa Uganda waliuridhia mwaka 2023. Mkataba huu unawakinga hata wanafunzi wa kazi, wanaotafuta kazi na wafanyakazi wa majumbani, na unahesabu pia yanayotokea njiani kwenda au kutoka kazini. Anayewanyanyasa anaweza kuwa mteja au mgeni, siyo bosi tu.

MWAJIRI AFANYE NINI ILI KUZUIA?

Kinga ni bora kuliko tiba. Kama vile chandarua, kinga hizi hazina gharama kubwa:

1. Andikeni kanuni fupi kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja unatosha. Itaje mambo yasiyoruhusiwa na hatua zitakazochukuliwa. Ibandikeni ukutani na kuisoma kwa kila mfanyakazi mpya, hata kibarua wa siku moja.

2. Teueni watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja awe mwanamke. Wasiwe wakubwa wa kitengo peke yao, maana mara nyingi analalamikiwa mkubwa mwenyewe.

3. Sikilizeni lalamiko mapema, kabla ya siku nyingi kupita. Sikilizeni pande zote mbili, kila mmoja peke yake. Anayelalamikiwa naye ana haki ya kujieleza.

4. Msimhamishe mlalamikaji ili "mambo yaishe". Watu wakiona anayesema ndiye anayeondolewa, hakuna atakayesema tena.

5. Punguzeni uwezo wa mtu mmoja. Orodha ya zamu na ya ugawaji wa kazi iwe wazi ukutani. Mishahara ilipwe kwa tarehe inayojulikana, na kila mtu aweke sahihi.

6. Tengenezeni mazingira. Taa kwenye njia ya vyoo, vyoo vya wanawake vyenye komeo, na usafiri au msindikizaji kwa wanaotoka zamu usiku. Katika hoteli, mhudumu asitumwe peke yake chumbani kwa mgeni usiku.

7. Mkubwa awe mfano. Meneja akifoka, wasimamizi watafoka, na wasimamizi wakifoka, mlinzi atamfokea mama muuza maandazi langoni.

UKIONEWA, UFANYEJE?

Kwanza, kama huogopi kudhurika, mwambie mwenyewe kwa maneno mafupi na ya adabu: "Shikamoo mzee, maneno yale ya jana yaliniumiza. Naomba usiniite hivyo tena." Wapo watu ambao hawakujua wanaumiza, nao huacha. Lakini kama ni unyanyasaji wa kijinsia au kipigo, usilazimike kumkabili peke yako.

Pili, andika. Nunua daftari dogo. Andika tarehe, saa, mahali, kilichosemwa au kutendwa, na nani alikuwepo. Tunza ujumbe wa simu, usiufute. Daftari hilo liweke nyumbani, siyo kazini.

Tatu, mwambie mtu unayemwamini, iwe ni mwenzi wako, mzazi, au mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Wafanyakazi wa mahotelini na majumbani wanacho chama chao, CHODAWU, na wa mashambani wana TPAWU. Sauti ya wengi haifukuzwi kirahisi.

Nne, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mwajiri na ubaki na nakala.

Tano, isiposaidia, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayohudumia mkoa wa Morogoro kama ilivyo mikoa mingine. Huduma yake ni bure. Lakini angalieni siku: mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kusema, "Nitakwenda baada ya mavuno."

Sita, ukipigwa au kubakwa, njoo hospitali mara moja na utoe taarifa polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, ambako utapewa fomu ya PF3. Aliyebakwa afike mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi. Asioge kwanza, na nguo alizovaa azilete kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki. Si kosa lake, na hapaswi kuulizwa alivaa nini.

Na wewe uliyeshuhudia, usijifanye hukuona. Huhitaji kupigana. Mara nyingi inatosha kumfuata aliyeonewa na kumwambia, "Nimeona, na si sawa. Ukitaka shahidi, mimi nipo."

TUANZIE NYUMBANI

Wasomaji wengi wa ukurasa huu watasema, "Sisi hatuna kiwanda wala hoteli." Lakini familia nyingi za parokia zetu zina msichana au kijana wa kazi. Mtu akiajiri dada wa kazi, sebule yake imekuwa mahali pa kazi, na yeye amekuwa bosi.

Na tujiulize basi. Je, tunamwita kwa jina lake, au tunamwita "wewe"? Je, anakula chakula kile kile tunachokula, au makombo baada ya wote kushiba? Je, analala kwenye godoro na chandarua, mlango wake unafungwa kwa ndani? Je, ana siku ya kupumzika na ya kwenda kusali? Mshahara wake anapewa mkononi, au tunasema tunamtunzia mpaka tunasahau? Je, ana umri gani? Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na huyo mahali pake ni shuleni. Je, watoto wetu wanamwamkia, au wanamtuma kama punda huku tukicheka?

Wazazi wanaotoa mabinti kwenda kufanya kazi mjini nao wana wajibu. Msimkabidhi mtoto kwa mtu mnayemjua kwa simu tu. Jueni nyumba, jueni mshahara, na kubalianeni kwamba mtazungumza naye kila wiki, naye akiwa peke yake, siyo mbele ya mwenye nyumba. Akisema anataka kurudi, msimwambie kwanza habari ya nauli. Mwulizeni kwa nini.

Mtoto anayekua akiona dada wa kazi anatukanwa anajifunza kwamba mtu asiye na fedha hana heshima. Kesho mtoto huyo atakuwa nyapara wa shamba, meneja wa hoteli, au muuguzi mkuu wa wodi, naye atatenda alichokiona sebuleni kwa mama yake. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tunasema msimnyonge kabisa, na haki yake mpeni.

Kwa wale wanaosoma haya na kujisikia wamesemwa wao, iwe ni presha isiyoshuka, usingizi uliopotea au machozi ya jioni, njooni zahanati au hospitali iliyo karibu. Mkifika, msituambie kichwa tu. Tuambieni na kazini.